Arthur Sullivan: Mwanakwaya Aliyetupa Wimbo wa Maandamano



Leo kwaya itakapoingia kanisani kwa maandamano, mtasikia kinanda kikianza wimbo ambao wengi wetu tuliufahamu tangu Shule ya Jumapili, ule wa askari Wakristo. Ndio wimbo tuliouimba Jumapili ya kwanza tuliposimama mbele ya ushirika miaka 25 iliyopita. Kamati ya jubilii ilituomba tuandike kurasa chache kwa ajili ya kijitabu hiki. Kwa kuwa mwenyekiti amekwisha kueleza jinsi kwaya ilivyoanza, tumeonelea tusimulie maisha ya mtu aliyetunga tuni hiyo. Jina lake ni Arthur Sullivan. Alianza akiwa mwanakwaya kama sisi, na baadhi ya mambo yaliyompata, ya heri na ya kusikitisha, yametupata na sisi pia.

MTOTO WA BENDI

Arthur Seymour Sullivan alizaliwa tarehe 13 Mei 1842 huko Lambeth, London, katika nyumba isiyokuwa na mali. Baba yake, Thomas, alikuwa mwanamuziki mwenye asili ya Ireland. Mama yake, Mary Clementina, alikuwa na asili ya Ireland na ya Italia. Walijaliwa wavulana wawili, Frederic mkubwa na Arthur mdogo. Thomas alipata kazi ya kuongoza bendi katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na Arthur akakulia kwenye chumba cha mazoezi ya bendi. Alishika ala moja baada ya nyingine, na alipofikia umri wa miaka 8 aliweza kupiga ala za kupuliza za bendi nzima.

Hata hivyo baba hakupenda mwanawe ategemee muziki kwa chakula. Yeye mwenyewe alijua jinsi mshahara wa mwanamuziki unavyoishia njiani. Wazazi wengi walioketi hapa leo watamwelewa. Lakini mtoto alishikilia neno lake, na mwaka 1854, akikaribia kutimiza miaka 12, alipokelewa katika kwaya ya Chapel Royal, ambayo ni kwaya ya kanisa la familia ya kifalme. Wavulana wa kwaya hiyo walivaa sare nyekundu yenye nakshi za dhahabu, na waliishi nyumbani kwa mwalimu wao, Kasisi Thomas Helmore. Mwaka uliofuata, Arthur akiwa na miaka 13, wimbo wake mmoja wa kwaya ulichapishwa.

Mwaka 1856 kulitangazwa ufadhili mpya wa masomo kwa kumbukumbu ya mtunzi Mendelssohn. Arthur alikuwa mdogo kuliko watahiniwa wote. Mwishoni walibaki wawili waliolingana alama, yeye na Joseph Barnby, kijana aliyemzidi miaka karibu minne. Waliwekwa tena kwenye mtihani, na Arthur akashinda. Barnby naye hakupotea, kwani baadaye alitunga tuni nyingi za kanisa. Ufadhili huo ulimpeleka Arthur kwenye chuo cha muziki cha London, halafu Leipzig, Ujerumani, mwaka 1858. Ilikusudiwa akae mwaka mmoja. Alikaa mitatu.

Aliporudi alikuwa na kazi aliyoiandika kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest. Ilipigwa London tarehe 5 Aprili 1862, yeye akiwa hajafikisha miaka 20, na watu walipendezwa nayo hata ikarudiwa wiki iliyofuata. Jina lake likajulikana mji mzima. Lakini sifa haikumlipia kodi ya nyumba, kwa hiyo aliendelea na kazi aliyokuwa nayo, ya kupiga kinanda na kufundisha kwaya kanisani.

POLISI KATIKA SAUTI YA NNE

Kanisa hilo lilikuwa St Michael's, Chester Square. Hapo Sullivan alikutana na shida ambayo kila mwalimu wa kwaya nchini Kenya anaijua. Soprano walikuwapo, alto walikuwapo, lakini tenor na besi hawakuonekana. Karibu na kanisa palikuwa na kituo cha polisi. Sullivan alikwenda kuzungumza na wakubwa wa kituo, akarudi na kundi la askari. Wakawa ndio sauti yake ya tatu na ya nne.

Fikiria kazi aliyokuwa nayo. Askari hawa hawakujua kusoma muziki. Wengine walikuja mazoezini moja kwa moja kutoka zamu, miguu ikiwauma, macho yakifumba. Sullivan aliwafundisha sauti yao kipande kwa kipande mpaka ikawakaa, na aliwapenda. Alipokuwa mtu mkubwa aliwakumbuka bado, na wengi wanaamini kwamba kundi la polisi waoga wanaochekesha katika opereta yake moja lilitokana na wale waimbaji wake wa Chester Square.

Sisi tuliposoma habari hii tulicheka, kisha tukatazamana. Kwaya yetu ilikaa miaka minne ya kwanza bila besi hata mmoja. Besi zetu za leo ni walinzi wa usiku wawili, mwendesha boda boda, fundi wa mabomba na mwalimu mstaafu. Tumezoea kuona mtu akisinzia kwenye benchi wakati soprano wanarudia mstari wao, halafu akiamka na kuingia mahali pake pasipo kukosea.

TUNI YA MAANDAMANO

Maneno ya wimbo wetu yaliandikwa miaka ya 1860 na kasisi Mwingereza, Sabine Baring-Gould, kwa ajili ya watoto wa Shule ya Jumapili huko Horbury Bridge, Yorkshire. Watoto hao walikuwa wanakwenda kwa miguu hadi kijiji cha jirani kwenye sikukuu, na kasisi alitaka wawe na kitu cha kuimba njiani. Kwa miaka kadhaa maneno hayo yaliimbwa kwa tuni nyingine.

Mwaka 1871 Sullivan aliyatungia tuni mpya. Aliipa jina St Gertrude. Gertrude lilikuwa jina la mama mwenye nyumba mmoja aliyemkaribisha Sullivan kama mgeni huko Dorset, na utani huo wa kumfanya mwenyeji wake mtakatifu umebaki katika vitabu vya nyimbo mpaka leo. Ukiisikiliza vizuri utagundua ni kazi ya mtoto wa bendi. Besi inatembea hatua kwa hatua kama buti za wanajeshi, na kiitikio kinapanda hadi hata mtu asiyekuwa na sauti anajikuta ameinua kichwa. Mwaka 1874 alihariri kitabu kizima cha nyimbo za kanisa, akaweka ndani yake tuni zake nyingi.

OPERETA

Hata hivyo, kule Uingereza na Marekani wanaomkumbuka Sullivan wengi wao humkumbuka kwa opereta. Opereta ni mchezo wa kuigiza unaochekesha, ambamo wahusika huzungumza kidogo na kuimba sana, kukiwa na kwaya na okestra. Waliopitia tamasha za muziki na drama za shule wataelewa upesi, maana tumezoea kuona vijana wakivaa mavazi, wakiimba na kuigiza kisa kwenye jukwaa moja.

Opereta yake ya kwanza kuimbwa, Cox and Box, ilianza mwaka 1866 kama burudani ya marafiki waliokusanyika nyumbani kwa mwenzao. Mwaka uliofuata iliimbwa hadharani katika hafla ya kuchangia familia ya mchoraji aliyefariki. Kwa lugha yetu, ilikuwa harambee.

Mwaka 1875 meneja mmoja, Richard D'Oyly Carte, alimkutanisha na mwandishi W. S. Gilbert, aliyekuwa amewahi kuwa wakili, wakatoa mchezo mfupi kuhusu kesi mahakamani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja mara moja kabla ya hapo, lakini mchezo huu ndio uliowatambulisha. Nafasi ya hakimu iliigizwa na Fred, kaka yake Sullivan, na ndiye aliyewavunja watu mbavu. Mnamo Januari 1877 Fred alifariki akiwa na miaka 39. Katika ugonjwa wake wa mwisho Arthur alikaa kando ya kitanda, na katika siku hizo akatunga The Lost Chord, wimbo wa huzuni uliouzwa kwa wingi ajabu. Fred aliacha mjane mjamzito na watoto saba. Arthur, ambaye hakuoa maishani mwake, aliwachukua kuwa jukumu lake, na mmoja wao, Herbert, akamlea kama mwanawe.

Mwaka 1878 ikaja H.M.S. Pinafore, kisa cha mabaharia. Sullivan aliitunga huku mawe ya figo yakimtesa. Aliandika maumivu yalipotulia, akalala chini yaliporudi, na wasikilizaji wa muziki ule wa furaha hawakujua. Ilichezwa London mara 571. Marekani ilienea bila ruhusa, makampuni zaidi ya 100 yakiiigiza pasipo kumlipa mtunzi hata senti. Huko Philadelphia waimbaji wa kwaya za makanisa walijikusanya wakaicheza. Wakristo wengi wa wakati huo waliogopa ukumbi wa michezo wakiuona ni mahali pa aibu. Gilbert na Sullivan walikuwa wameamua tangu mwanzo kwamba michezo yao haitakuwa na mavazi wala maneno ya kumfanya mzazi amfunike mtoto macho, na uamuzi huo ndio uliowafungulia mlango wa watu wa kanisa.

Zilifuata nyingine: The Pirates of Penzance, ambayo ndiyo yenye wale polisi, Iolanthe, The Mikado ya mwaka 1885 iliyochezwa mara 672, na The Gondoliers ya mwaka 1889. Usiku wa kwanza wa Iolanthe, tarehe 25 Novemba 1882, Sullivan alipata habari kwamba madalali waliomtunzia akiba wamefilisika, na pauni zipatazo 7,000 zimepotea. Aliingia ukumbini, akapanda mahali pake, akaongoza onyesho mpaka mwisho.

Mwaka 1883 Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir. Papo hapo wakosoaji wakaanza kusema kwamba mtu mwenye cheo kama hicho hastahili kutunga vichekesho. Aandike muziki mzito. Maneno hayo yalimuuma kwa sababu naye aliyafikiria usiku. Alitunga kazi kubwa za kwaya, na The Golden Legend ya mwaka 1886 iliimbwa na vyama vya kwaya kote Uingereza. Kuanzia 1880 hadi 1898 aliongoza tamasha kubwa la Leeds. Lakini fedha zilitoka kwenye opereta, naye alikuwa mtu wa kutumia. Hatutaficha kwamba alipenda kamari, na ilimla pesa nyingi. Tunamsimulia mtu, si malaika.

UGOMVI WA ZULIA

Sasa tunafika mahali tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo.

Mwaka 1890 Gilbert aliangalia hesabu za ukumbi wao, Savoy, akaona gharama zilizomshangaza, miongoni mwake zulia jipya la sehemu ya mbele ya ukumbi. Gharama ilikatwa kutoka mapato ya watatu wote. Gilbert aliona zulia ni mali ya mwenye ukumbi, D'Oyly Carte, na yeye ndiye alipaswa kulilipia. Maneno makali yalitoka. Sullivan akasimama upande wa Carte, ambaye wakati huo alikuwa akijenga ukumbi mpya wa kuonyeshea kazi kubwa ya Sullivan. Kesi ikafika mahakamani, na Sullivan akaweka hati ya kiapo iliyokuwa na jambo lisilo sahihi. Gilbert alipomwomba akiri kwamba amekosea, alikataa. Mahesabu yalipochunguzwa, ilionekana Gilbert alikuwa na haki ya kulalamika, kwani kweli alikuwa anadai. Kosa lake lilikuwa ulimi. Kosa la Sullivan lilikuwa kunyamaza alipotakiwa kusema.

Mwaka 1891 walipatanishwa na rafiki mchapishaji, na mwaka 1893, kwenye usiku wa kwanza wa opereta mpya, walipeana mikono jukwaani watu wakishangilia. Lakini opereta hiyo na ile ya mwaka 1896 hazikuwa na ile ladha ya zamani, na baada ya hapo hawakuandika tena pamoja. Mwaka 1898 waliitwa jukwaani usiku mmoja kuadhimisha miaka 21 ya The Sorcerer. Waliinama mbele ya watu, mmoja huku, mwingine kule, wakatoka bila kusemezana. Watu wawili ambao hakuna aliyewafaa kama walivyofaana walipoteza miaka kwa sababu ya zulia.

Wanakwaya wenzetu wanajua kwa nini tumelisimulia hili kwa urefu. Miaka sita iliyopita tulinunua vitambaa vya sare. Mwenzetu mmoja wa sauti ya pili aliuliza mbele ya wote mbona bei tuliyoandika imezidi bei ya dukani. Aliuliza kwa ukali, ni kweli. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, na sisi wa ofisi tulichukua majuma saba kabla ya kuonyesha risiti, kwa sababu tulijisikia tumedharauliwa. Risiti zilipotoka, kulikuwa na kosa la kujumlisha, dogo, la shilingi mia chache. Wakati huo yeye na wenzake watatu walikuwa wamekwisha kuondoka. Wanasali nasi bado. Wanaketi upande wa kushoto, na tunapoimba huwa tunawasikia wakishika sauti yao ya zamani kutoka kwenye viti.

MWISHO WAKE

Mwaka 1900 afya ya Sullivan ilivunjika. Gilbert naye alikuwa mgonjwa, na alisafiri kwenda Misri kutafuta nafuu. Kabla ya kuondoka alimwandikia Sullivan barua ya upole, na hivyo walikuwa wamepatana kwa kalamu ingawa hawakuonana tena. Sullivan alifariki London tarehe 22 Novemba 1900 akiwa na miaka 58. Siku hiyo makanisa mengi humkumbuka Mtakatifu Sesilia, mlezi wa wanamuziki.

Alikuwa ametaka azikwe kaburi moja na wazazi wake na kaka yake, lakini Malkia aliamuru alazwe katika kanisa kuu la St Paul's. Ibada ilianzia Chapel Royal, palepale alipokuwa ameimba akiwa mvulana mwenye sare nyekundu, na penye kaburi waimbaji wa Savoy walimwimbia wimbo aliowatungia wafu katika mojawapo ya kazi zake za kanisa.

Zile kazi kubwa alizotumaini zitamtambulisha kwa vizazi sasa huimbwa kwa nadra. Opereta zake zimebaki mikononi mwa watu wa kawaida. Katika miji mingi ya Uingereza, Marekani, Kanada na Australia kuna vyama vya opereta vya wenyeji, ambamo karani wa benki, muuguzi, mwalimu na muuza duka hukutana jioni baada ya kazi, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa, wakajifunza sauti zao kwa miezi, wakashona mavazi na kupaka mandhari wenyewe, halafu wakaonyesha kwa siku chache na kurudi kwenye mazoezi. Hawalipwi. Vyama hivyo navyo hukosa tenor, navyo hugombana kuhusu fedha za mavazi. Tangu 1994 kumekuwa na tamasha la kila mwaka, lililoanzia mji wa Buxton, ambako vyama vya namna hiyo hukutana kushindana.

Nasi tuna ile tuni ya watoto waendao kwa miguu. Leo tutaiimba beti zote, na tumemwomba mpiga kinanda asiharakishe.

Katika safu ya pili, upande wa alto, mtaona nafasi nne zisizo na mtu. Hatukukosea kuhesabu. Sare nne zimepigwa pasi na ziko katika chumba cha kwaya, saizi tunazikumbuka, na hesabu zote za tangu mwaka ule zimebandikwa mlangoni, risiti kwa risiti. Dada zetu, tulichelewa, tunaomba radhi. Maandamano yanaanzia langoni saa tatu na nusu. Mtatukuta pale.